Warsha ya siku 2 imepita, mafaili bado yanasema "alale mapema": nirudie mafunzo?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi kiongozi wa kitengo cha afya ya akili. Mwaka jana tulimleta mkufunzi, akatufundisha kwa siku 2 tiba ya utambuzi na tabia kwa watu wanaokosa usingizi. Tulikuwa 12, wauguzi na matabibu, na mtihani wa mwisho tulifaulu wote. Sasa imepita miezi 8. Nikifungua mafaili naona maneno yaleyale: "Ameshauriwa kupunguza kahawa, kuweka simu mbali, kulala mapema." Kisha dawa za usingizi. Nikiwauliza wenzangu wanasema tiba waliijaribu, haikufanya kazi. Nataka kuandika barua ya kuomba fedha za mafunzo mengine. Je, nirudie warsha ileile au niiongezee siku? Na kazi hii ni ya wauguzi kweli, au tuwaachie wanasaikolojia?

Jibu: Marahaba, mwenzangu, na asante kwa kupitia mafaili kabla ya kuomba fedha. Wengi huomba warsha ya pili bila kuangalia ya kwanza imezaa nini.

Barua hiyo usiiandike bado. Warsha ya pili itawapa wenzako yale wanayoyajua tayari. Mtihani ulishaonyesha kwamba wanayajua. Walichokosa ni mtu wa kuwa nao kati ya wiki ya kwanza na ya tatu ya mgonjwa wao wa kwanza, pale ambapo tiba hii humtisha mgonjwa na kumtisha zaidi anayeitoa. Fedha zako ziende huko.

Lakini kwanza turudi kwenye maneno uliyonukuu, maana yamebeba jibu nusu nzima. Kahawa na simu ni sawa, hayadhuru. "Kulala mapema" ndiyo yaliyonisikitisha. Ushauri huo ni kinyume kabisa cha tiba mliyofundishwa, na mtu aliyeelewa tiba hii hadi mifupani hawezi kuuandika. Unaonyesha kwamba siku ya warsha wenzako walipokea kanuni, ila walipokaa mbele ya mtu aliyechoka, macho mekundu, akiwaomba msaada, huruma yao ya kawaida ilishinda. Mtu kachoka, mwambie apumzike. Kila aliyesomea kuuguza amelelewa hivyo.

Tatizo la kukosa usingizi halifuati mantiki hiyo. Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1987 alieleza kwamba kuna mambo yanayomweka mtu karibu na tatizo, yanayolichokoza, na yanayolilea. Mtu amefiwa, au ana mtoto mgonjwa, au kazi imeyumba. Akikesha wiki 2 au 3 si ajabu. Kilichochokoza kinapopita, wengi hurudia usingizi wao. Wachache hawarudi, na ukiwauliza wanafanya nini siku hizi utasikia: naingia kitandani mapema ili nibahatishe, asubuhi nabaki nimelala nifidie, mchana najinyoosha kidogo. Hayo ndiyo yanayolilea tatizo. Kila saa anayoongeza kitandani inapunguza njaa ya usingizi, na kila usiku anaogaagaa unakifundisha kichwa chake kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Sasa muuguzi anapomwambia alale mapema zaidi, anamwagia mafuta moto uleule.

Ndiyo maana mwaka 2021 Akademia ya Tiba ya Usingizi ya Marekani ilishauri kwamba maelekezo ya mazoea mema ya kulala yasitolewe peke yake kama tiba ya tatizo hili. Naomba wenzako walijue hilo kwa upole. Hawakuwa wazembe. Walitoa sehemu ya tiba ambayo ni rahisi kuisema, na ambayo peke yake haina nguvu.

Nguvu iko kwenye mambo 2 ambayo ni magumu kuyasema. La kwanza lilitoka kwa Richard Bootzin mwaka 1972: kukirudishia kitanda kazi yake. Mtu aingie kitandani anaposinzia tu, asifanye kitu kingine humo isipokuwa kulala na tendo la ndoa, akiona usingizi haumpati kwa takriban robo saa atoke, arudi anaposinzia, aamke saa ileile kila siku, na asilale mchana. La pili ni la Spielman mwenyewe: kubana muda wa kitandani ulingane na usingizi anaoupata kweli.

Hili la pili ndilo linalowaangusha wanaojifunza, kwa hiyo nitalikalia.

Chukua mgonjwa anayeingia kitandani saa 3 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Ni saa 9. Daftari lake la usingizi la wiki 2 linaonyesha kwamba kwa wastani anapata saa 5 na nusu tu za usingizi. Gawanya saa 5 na nusu alizolala kwa saa 9 za kitandani: ufanisi wa usingizi wake ni asilimia 61. Tiba inamwambia: saa ya kuamka inabaki 12 asubuhi, lakini kitandani usiingie kabla ya saa 6:30 usiku. Fanya hivyo wiki nzima. Baada ya wiki mnahesabu tena. Ufanisi ukifika asilimia 90, anaongezewa dakika 15 hadi 30. Ukiwa kati ya 85 na 90, anabaki alipo. Ukiwa chini ya 85, muda unabanwa kidogo zaidi, ila hatumbani mtu chini ya saa 5. Hata ambaye daftari lake linasema saa 3, tunampa 5.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule ataimudu. Sasa mwambie mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka 4 kwamba unampunguzia muda wa kulala. Angalia uso wake. Na subiri wiki ya pili arudi kwako akisema, "Daktari, nimezidi kuumwa. Jana nilisinzia nikiwa nakula. Hii dawa yako inaniua." Wala hasemi uongo. Simon Kyle na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba katika siku za mwanzo za kubanwa muda, watu husinzia zaidi mchana na wepesi wao wa kuitikia hupungua. Kinachotokea ni kwamba njaa ya usingizi inajengeka, na ndiyo itakayokuja kumbeba mgonjwa. Lakini katika siku hizo tabibu asiye na mtu wa kumuuliza hulegea. Husema, "Haya, basi ongeza saa 1." Njaa ya usingizi inazimwa kabla haijaiva, mgonjwa anarudi alikotoka, na faili linaandikwa kwamba tiba haikufanya kazi.

Nimesikiliza rekodi nyingi za wanaojifunza tiba hii, na kulegea huko ndiko ninakokukuta mara nyingi kuliko kosa jingine lolote. Mara nyingi wala hakusemwi waziwazi. Mgonjwa analalamika, panakuwa na kimya cha sekunde kadhaa, kisha sauti ya tabibu inabadilika, inakuwa laini, na tiba inaishia hapo. Ukimuuliza baadaye, tabibu mwenyewe hakumbuki kwamba alibadilisha chochote. Jambo la namna hiyo warsha haiwezi kulifikia, kwa sababu warshani hakuna mgonjwa wa wiki ya pili.

Kwa hiyo fanya uchunguzi mdogo kabla ya kuomba fedha. Waite wale wanaosema waliijaribu, mmoja mmoja, kwa heshima, na umuulize kila mtu: mgonjwa wako ulimwambia aingie kitandani saa ngapi, na uliipataje hiyo saa? Anayekupa saa kamili na wastani wa daftari, huyo alianza tiba. Halafu muulize mgonjwa alirudi baada ya siku ngapi. Nina hofu kwamba wengi watakuambia mwezi mmoja, kwa kuwa ndivyo miadi ya vitengo vingi ilivyopangwa. Mgonjwa aliyebanwa muda akiachwa mwezi mzima bila kuongezewa wala kutiwa moyo ama ataacha mwenyewe siku ya tano, ama atateseka bila sababu. Tiba hii huchukua takriban vikao 4 hadi 8, na vya mwanzo lazima viwe vya kila wiki. Kama daftari lenu la miadi haliruhusu hivyo, hata mkufunzi bora duniani hatawasaidia. Anzeni na daftari la miadi.

Kikao cha kila wiki si lazima kiwe cha kuja kliniki. Daniel Buysse na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti kwa wazee 79 wenye tatizo hili; waliopewa tiba fupi ya tabia walikutana na muuguzi mara 2 ana kwa ana na kupigiwa simu mara 2. Ilitosha kuwapa nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa maelezo ya kusoma. Simu ya dakika 15 katika wiki ya pili ina thamani kuliko saa nzima ya wiki ya sita.

Umeuliza kama kazi hii ni ya wauguzi. Ndiyo, bila kusita. Mbali na utafiti huo wa Buysse, mwaka 2023 matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Uingereza yalichapishwa katika jarida la Lancet: watu 642 kutoka kliniki za kawaida, nusu yao wakibanwa muda wa kitandani na wauguzi ambao hawakuwa wataalamu wa usingizi. Vikao vilikuwa 4. Baada ya miezi 6 waliotibiwa na wauguzi walikuwa na nafuu iliyo wazi kuliko waliopewa kijitabu cha ushauri peke yake. Wauguzi mna kitu ambacho wanasaikolojia wengi hawana: mmezoea kumwambia mgonjwa jambo lisilopendeza kwa sauti tulivu, na kusimama naye likimuuma. Anayebadilisha kidonda kila siku ana ustadi huo. Unahitaji tu kuuhamishia kwenye usingizi.

Ambapo mwanasaikolojia anahitajika ni kwa mgonjwa mwenye mambo mengi yaliyoshikana: kiwewe, ndoto za kutisha, au huzuni nzito yenye mawazo ya kujiua. Hao wapelekwe kwake. Lakini huzuni ya kawaida inayoambatana na kukosa usingizi isiwe sababu ya kumnyima mtu tiba hii. Zamani tulifundishwa kutibu huzuni kwanza, usingizi utafuata. Leo tunajua mara nyingi haufuati, na kwamba unahitaji tiba yake wenyewe.

Sasa mafunzo yenyewe. Mfano ninaoupenda ni wa idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia waliowahi kuwa wanajeshi. Walipotaka kueneza tiba hii katika vituo vyao nchi nzima, walipanga warsha ya siku 3, kisha miezi 4 ya ushauri wa kila wiki kwa simu, vikundi vidogo vikikutana na mtaalamu, na rekodi za vikao na wagonjwa halisi zikisikilizwa na kupewa alama. Tazama uwiano huo: siku 3 kwa miezi 4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wagonjwa wa hao waliokuwa bado wanajifunza walishuka kwenye kipimo cha ukali wa tatizo kutoka takriban alama 21 hadi 11. Si matabibu bingwa hao. Ni watu kama wenzako, ila hawakuachwa peke yao.

Kwako wewe, ningepunguza idadi. Watu 12 ni wengi kwa msimamizi mmoja. Chagua 4, na usiwachague kwa alama za mtihani. Chagua wanaowaona wagonjwa hawa kila wiki na wanaoweza kuvumilia kimya mgonjwa anapolalamika. Hao wanane wengine hawatupwi. Wafundishwe kuwatambua wagonjwa, kuwapa daftari la usingizi na kuwapeleka kwa wale 4. Hiyo nayo ni kazi, na ikifanywa vizuri inaokoa wiki 2 nzima.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, kila mmoja wa hao 4 ajaze daftari la usingizi wake mwenyewe kwa wiki 2, kila asubuhi: aliingia kitandani saa ngapi, alizima taa saa ngapi, anakadiria ilimchukua muda gani kupitiwa na usingizi, aliamka mara ngapi, alitoka saa ngapi. Atagundua mwenyewe kwamba siku ya nne anasahau na siku ya sita anajaza siku 3 kwa mpigo. Basi mgonjwa akija na daftari lenye mapengo atajua la kumwambia bila kumgombeza. Na aliyeweza ajibane kwa wiki 1, kidogo tu, kama hana kazi ya hatari na afya yake ni njema. Hakuna somo litakalomfundisha wiki ya pili kama hilo.

Kisha igizo dhima, na hapa usikubali mzaha. Warsha nyingi huwaigizisha watu kikao cha kwanza, ambapo mgonjwa ni mpole na anakubali kila kitu. Igizeni kikao cha pili. Wewe uwe mgonjwa, na usikubali kirahisi. Sema, "Nimekuja kwa kukosa usingizi, nawe unanipunguzia?" Sema, "Mwenzangu analalamika nikitoka kitandani usiku." Sema, "Nilijaribu siku 2 nikaona kichwa kinauma nikaacha." Mwache mwenzako atafute maneno, akwame, aanze tena. Rudieni igizo hilohilo mara 5, mara 6, hadi sauti yake isitetereke. Maneno yenyewe kila mtu atapata yake. Mimi husema hivi: "Najua umechoka, na nilikuambia wiki hii itakuwa hivi. Uchovu huu sasa unafanya kazi kwa ajili yako. Nionyeshe daftari." Halafu tunaangalia daftari pamoja, na mara nyingi lina jambo ambalo mgonjwa hajaliona: anapitiwa na usingizi ndani ya dakika 20 badala ya saa 2. Hajapata usingizi mwingi zaidi bado. Amepata usingizi ulioshikamana. Hilo ndilo la kumwonyesha, kwa kidole, kwenye karatasi yake.

Kuna somo jingine dogo ambalo nalipenda kwa kuwa lugha yetu inalisaidia. Mwambie anayejifunza atofautishe uchovu na kusinzia. Mgonjwa atasema "nimechoka" saa 2 usiku, na amechoka kweli, lakini hasinzii. Kusinzia kuna dalili zake: kope zinalemea, kichwa kinaanguka, unasoma mstari uleule mara 3. Wagonjwa wengi wa miaka mingi wamesahau tofauti hiyo, wanaingia kitandani kwa uchovu wakidhani ni lepe la usingizi. Matumizi ya neno moja vizuri yanaweza kumwokoa mtu saa 2 za kugaagaa kila usiku.

Sehemu ya mawazo, yaani "utambuzi" katika jina la tiba, wanaoanza huigeuza kuwa mabishano. Mgonjwa anasema, "Nisipolala kwa muda wa saa 8 kesho sitafanya kazi," na tabibu anamjibu kwa takwimu. Mgonjwa anakubali kwa mdomo, usiku unarudi palepale. Afadhali kuuliza: juzi ulilala kwa muda wa saa ngapi? Saa tano. Na siku iliyofuata ilikwendaje? Daftari ndilo linalobishana, tabibu anauliza tu. Na pia wafundishe kutambua mgonjwa anayeusaka usingizi kwa nguvu, anayeangalia saa kila nusu saa, anayejilazimisha kutulia. Usingizi ukifukuzwa unakimbia. Saa ya ukutani igeuzwe au itolewe chumbani. Mazoezi ya kulegeza mwili yanawafaa wengine, ila yasigeuzwe kuwa njia nyingine ya kuulazimisha.

Usalama, na hapa nakuomba uwe mkali. Kabla ya kubana muda wa mtu yeyote, mfanyakazi wako aulize juu ya kifafa, kwa sababu kukosa usingizi kunaweza kuchokoza degedege. Aulize juu ya vipindi vya furaha iliyopitiliza, kulala kidogo bila kuchoka, maneno mengi, kutumia fedha ovyo; mwenye ugonjwa huo wa baipola akibanwa anaweza kupandwa na kipindi kama hicho. Aulize kama mtu hutembea usingizini. Aulize anayelala naye kama anakoroma na kukatika pumzi, maana huyo anahitaji uchunguzi na tiba yake. Na aulize kazi: dereva, mwendesha mitambo, anayepanda mahali pa juu. Hao wasibanwe kwa njia ya kawaida. Muda wao upunguzwe pole pole, kwa dakika chache kila wiki, na waambiwe waziwazi wasiendeshe wakisinzia. Mzee mwenye miguu dhaifu asiambiwe atoke kitandani gizani kila robo saa. Aketi tu kitandani, au njia iwe na mwanga na isiwe na vitu vya kujikwaa. Mambo haya yawekwe kwenye karatasi moja ya maswali, na isiyojazwa, tiba haianzi.

Dawa za usingizi pia. Mnazitoa, na wagonjwa wenu wengine wamezitumia miaka. Mtu asiambiwe aziache ghafla, hasa zile za kundi la benzodiazepini. Kuziacha ghafla baada ya muda mrefu kunaweza kuleta hata degedege. Anaweza kuanza tiba akiwa bado anazitumia, kwa kipimo kisichobadilika, halafu mwandishi wa dawa ampunguzie taratibu usingizi ukishatengemaa. Bila shaka kuna daktari kwenye kitengo chako ambaye ndiye huandika dawa hizo. Mweleze mapema unachofanya. Mgonjwa anayeambiwa na muuguzi abane muda, kisha na daktari aongezewe kidonge na "apumzike vya kutosha", atamfuata daktari. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba watu wazima wote wenye tatizo sugu la kukosa usingizi waanze na tiba hii kabla ya dawa, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ukasema vivyo hivyo. Mpelekee hoja hiyo kwa adabu.

Sugu maana yake ni usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, mtu akiwa na nafasi ya kulala ila halali. Mama anayenyonyesha na mlinzi wa zamu mbili hawakosi usingizi kwa maana hiyo, wanakosa nafasi. Tiba hii haiwahusu kwanza, na wanaojifunza huwachanganya.

Basi mpango wa fedha: warsha fupi ya siku 1 ya igizo na hesabu kwa wale 4, kisha saa 1 kila wiki kwa miezi 4 na mtaalamu kwa simu au video. Kila mmoja awe na wagonjwa 2 wa mwanzo, waliochaguliwa kwa urahisi: mtu mzima, hana magonjwa niliyoyataja, hatumii dawa nyingi. Kila mmoja arekodi angalau vikao 2 kwa idhini ya mgonjwa, hasa kikao cha pili, na rekodi zihifadhiwe kama mnavyohifadhi faili. Msimamizi akisikiliza, asianze na kuhesabu vipengele vilivyosahaulika. Asikilize kama hesabu ilifanywa mbele ya mgonjwa, kama sababu ilielezwa kabla ya saa kutajwa, na sauti ilikuwaje mgonjwa alipolalamika. Akae na tabibu wake hapo kwenye kile kimya, waisikilize tena pamoja, na amuulize, "Hapa uliogopa nini?" Majibu ya swali hilo ndiyo mafunzo yenyewe.

Badilisha pia fomu ya faili. Neno "ameshauriwa" liondoke. Weka nafasi 4 tu: saa ya kuingia kitandani iliyokubaliwa, saa ya kuamka, ufanisi wa usingizi wa wiki hii, na alama za kipimo cha Charles Morin wa Kanada, chenye maswali 7 na alama 0 hadi 28. Kuanzia 15 tatizo ni la kati, kuanzia 22 ni zito, chini ya 8 mtu amepona kwa kadiri ya kipimo hicho. Mgonjwa anakijaza mwenyewe kwa dakika chache. Nafasi hizo 4 zikiwa tupu, utajua kwa kutazama mara moja kwamba tiba haijaanza, bila kumwuliza mtu.

Na wewe uwe mmoja wa wale 4. Nakuomba hivyo kwa sababu mtaalamu wa simu ataondoka miezi 4 ikiisha, na atakayebaki kuwasikiliza wenzake ni mtu aliyepitia kimya kile mwenyewe. Mchague mgonjwa wako wa kwanza wiki hii. Mpe daftari la wiki 2, mkubaliane saa ya kuamka, mpange miadi ya wiki inayofuata baada ya hesabu. Siku atakayorudi na kusema amezidi kuumwa, niandikie kabla hujambadilishia chochote.